Mpokeaji nyota akirudi chuoni, msimsimamishe mahali pamoja

Kila Januari mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani hukaa roho juu wakisubiri kujua nani anabaki na nani anakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Ligi hiyo haimchukui mchezaji mpaka itimie miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa hiyo mpokeaji (mchezaji anayekimbia mbele kudaka pasi) aliyeng'ara mwaka wake wa tatu ana mlango wa kutokea, na akitangaza kwamba anarudi kwa mwaka wa nne, mji mzima wa chuo hulala kwa furaha. Kesho yake hesabu zinaanza: mwaka jana alidaka mipira 68, basi mwaka huu apewe 100, na ubingwa huo unakuja.

Hesabu hiyo inamtazama yeye peke yake. Faida kubwa ya mpokeaji aliyerudi inaonekana kwa wenzake kumi. Kila mlinzi anayehamishwa ili amfuate yeye anaacha pengo nyuma yake, na pengo hilo linataka mtu wa kulitumia. Benchi la ufundi lisilopanga hivyo litakuwa na nyota mwenye takwimu tamu ndani ya timu inayofungwa.

Mfano bora ninaoujua ni Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2020. DeVonta Smith, kijana wa Amite, Louisiana, alimaliza msimu wa 2019 na mipira 68, yadi 1,256 na tachidauni 14 (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani). Wenzake Henry Ruggs III na Jerry Jeudy waliondoka, wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza ya NFL. Yeye akarudi. Msimu uliofuata alidaka mipira 117 kwa yadi 1,856 na tachidauni 23, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo hakuna mpokeaji aliyekuwa ameichukua tangu Desmond Howard mwaka 1991. Alabama ilicheza mechi 13 na kushinda zote.

Ukitazama pointi tu huenda ukashangaa. Mwaka 2019 timu ilipata wastani wa pointi 47.2 kwa mechi, mwaka 2020 ikapata 48.5. Nyongeza ya pointi moja na ushei! Lakini ratiba ya 2019 ilikuwa na wapinzani kama Western Carolina na New Mexico State, wakati ile ya 2020, kwa sababu ya korona, ilikuwa mechi 10 tupu za SEC, kundi la vyuo vikubwa vya kusini mwa Marekani, kisha fainali ya SEC na mechi mbili za mchujo wa taifa. Na mrushaji wa pasi, yaani kwotabeki, naye alikuwa mgeni kwenye kiti. Kwotabeki Tua Tagovailoa alikuwa ameondoka, Mac Jones aliyemrithi alikuwa ameanza mechi nne tu msimu uliotangulia, na mazoezi ya majira ya machipuko yalifutwa. Hata hivyo Jones alimaliza na asilimia 77.4 ya pasi zilizofika, yadi 4,500, tachidauni 41, na pasi nne tu zilizonaswa. Kwa kwotabeki mpya hizo ni namba nzito, na sehemu yake kubwa naihesabu kwa Smith.

Twende uwanjani tuhesabu watu. Chukua mpango unaotumika sana vyuoni: mkimbiaji mmoja, taitiendi mmoja (anayesimama kwenye ncha ya ukuta, akizuia na pia kudaka), wapokeaji watatu. Ukuta wa mbele una watu watano, ukimwongeza taitiendi wanakuwa wazuiaji sita. Upande wa pili wako walinzi 11. Watatu wanawakaba wapokeaji, mmoja anabaki nyuma kabisa kama beki wa mwisho. Wamebaki saba karibu na mpira, dhidi ya wazuiaji sita. Mlinzi mmoja hana wa kumzuia, na huyo ndiye anayemwangusha mkimbiaji baada ya yadi mbili.

Sasa mpokeaji wa pembeni ni mtu wa kuogopwa. Beki mmoja hamuwezi, kocha wa ulinzi anamrudisha mlinzi wa pili nyuma ili amsaidie. Karibu na mpira wamebaki sita kwa sita. Kila mlinzi ana mzuiaji wake, na mkimbiaji anaingia ndani bila kuguswa mpaka yadi ya tano au ya sita. Hapo nyota hajagusa mpira, wala jina lake halitaandikwa popote kwenye karatasi ya takwimu, lakini yadi hizo ni zake. Najee Harris, mkimbiaji wa Alabama, naye aliyerudi kwa mwaka wa nne, alikimbia yadi 1,466 msimu huo na kufunga tachidauni 26 kwa kukimbia. Alikuwa na ukuta hodari mbele yake, hilo halina ubishi, lakini alikuwa pia na walinzi waliokuwa wanatazama mahali pengine.

Kanuni za vyuo zinaongeza utamu. Mpira ukianzwa, wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kusonga hadi yadi 3 mbele hata kama mpira utarushwa. NFL ni yadi 1. Ndiyo maana mchezo wa chaguo unashamiri vyuoni. Ukuta unazuia kana kwamba ni mbio, kwotabeki anaweka mpira tumboni kwa mkimbiaji huku akimtazama lainibeka mmoja tu, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele. Lainibeka akikimbilia mbele, mpira unachomolewa na kurushwa nyuma ya mgongo wake kwa mpokeaji anayekata ndani kwa mshazari. Akibaki nyuma, mkimbiaji anapewa. Mpokeaji wa kawaida anapata yadi 7 hapo. Mwenye kasi anapata 60.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali anaposimama. Makocha wengi humweka nyota wao upande mmoja msimu mzima kwa sababu ndiko alikojifunzia. Kwa mpinzani hiyo ni zawadi: anajua kabla ya mpira kuanzwa amtume nani na wapi. Uwanja wenyewe haulingani pande zote. Upana wake ni futi 160, na mistari midogo ya katikati ambayo mpira huwekwa vyuoni imeachana futi 40, wakati NFL ni futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, kushoto kuna yadi 20 na kulia yadi 33 na kitu. Mpokeaji nyota akiwa upande mwembamba, mlinzi wa pili yuko jirani, anamfikia haraka. Akiwa upande mpana, msaidizi ana safari ndefu, ila na pasi nayo inakaa hewani muda mrefu, na kwotabeki mwenye mkono dhaifu atanaswa. Kocha anayemjua kwotabeki wake anachagua upande kwa kila mchezo.

Kuna kanuni nyingine ndogo inayosahaulika. Aliyesimama juu ya mstari wa kuanzia hawezi kuwa anatembea mpira unapoanzwa. Lazima awe ameanzia nyuma yake. Kwa hiyo mrudishe nyota wako yadi moja nyuma ya mstari. Yadi hiyo moja ina kazi mbili. Kwanza, unaweza kumtembeza kutoka upande huu hadi ule, na beki akimfuata umejua wanakaba mtu kwa mtu. Wakisogea kidogo tu na kupeana ishara, wanakaba eneo. Pili, beki anayetaka kumkamata kifuani anakosa wa kumshika. Vyuoni hakuna ile kanuni ya NFL inayomkataza beki kumsukuma mpokeaji baada ya yadi 5. Beki anaweza kumsukuma mpokeaji aliye mbele yake mpaka pasi irushwe. Kwa mtu kama Smith, aliyekuwa na uzito wa chini ya kilo 80, hatua mbili za mwanzo ndizo zilizoamua mchezo. Alikuwa anautikisa mguu wa nje, anasubiri nyonga za beki zigeuke, halafu anapita upande uliofunguka huku mkono wake ukikwangua mkono wa beki kuuondoa njiani.

Haya yote yalionekana kwenye fainali ya taifa dhidi ya Ohio State, tarehe 11 Januari 2021. Katika kipindi cha kwanza peke yake Smith alidaka mipira 12, yadi 215, tachidauni tatu. Itazame ile ya tatu, ya yadi 42, muda mfupi kabla ya mapumziko. Hakusimama pembeni. Kocha wa mashambulizi Steve Sarkisian alimsogeza ndani, na kwa kuwa walinzi wa pembeni walibaki na watu wa pembeni, aliyejikuta akimkabili Smith ni lainibeka, mtu aliyezoea kupambana na wakimbiaji. Smith alikwenda moja kwa moja, lainibeka akageuka kumfukuza, na kufikia hapo hapakuwa na mbio tena. Kosa si la lainibeka huyo. Aliwekewa mtihani ambao hakuna mtu wa nafasi yake duniani angeufaulu, na aliyemwekea ni kocha aliyehamisha mchezaji mmoja kwa hatua kumi hivi.

Wapinzani wakijibu kwa kumpeleka beki wao bora ndani, wa pembeni wanabaki na mabeki wa pili na wa tatu. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa pili. Mpokeaji mwenzake Smith, Jaylen Waddle, alivunjika kifundo cha mguu dhidi ya Tennessee mwezi Oktoba, na wengi waliona Smith sasa atafungwa minyororo. John Metchie III, kijana aliyeishi Ghana utotoni kabla ya kukulia Kanada, akachukua nafasi hiyo na kumaliza na yadi 916 kwa mipira 55. Chuo kinachomrudisha nyota bila kutafuta Metchie wake kinajidanganya. Fedha na muda wa kusajili viende kwa huyo wa pili, maana wa kwanza tayari mnaye.

Yanayoharibika nayajua, yanajirudia kila msimu. Kubwa ni macho ya kwotabeki. Kijana akishazoea kwamba yule mwenzake anadaka kila kitu, anaanza kumtazama tangu mpira unapotoka chini, na beki wa mwisho hana haja ya kumtazama mpokeaji tena. Anayasoma macho tu. Dawa yake ni kupanga michezo ambayo mtazamo wa kwanza uko upande mwingine kabisa na nyota ndiye wa pili au wa tatu, na kuifanyia mazoezi mpaka shingo ya kwotabeki igeuke yenyewe.

Lingine ni kumhifadhi kwa ajili ya jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu inayo ili isonge yadi 10. Wakati zimebaki yadi 8 kila mtu uwanjani anajua mpira unaenda kwake, na walinzi wawili wanamsubiri. Mpe katika jaribio la kwanza, wakati ulinzi unalazimika kuwaza mbio na pasi kwa pamoja.

Halafu kuna uvivu wa kimya kimya: siku ambayo mchezo si wake, anakimbia nusu mwendo. Beki wa pembeni huligundua hilo ndani ya robo moja na kuwaambia wenzake. Smith alikuwa anazuia kwa bidii upande wa mbio licha ya wepesi wake, na Harris alipopita pembeni mara nyingi palikuwa na mwili mwembamba umeng'ang'ana na beki mbele yake. Kocha anapaswa kulipima hilo kwenye video na kulitangaza mbele ya timu sawasawa na mipira iliyodakwa.

Muda wa pasi nao unahitaji jasho la kiangazi, hasa kwotabeki akiwa mpya. Njia ya mshazari ni hatua tatu kisha kukata. Mpira unaachiwa mguu wa tatu unapokanyaga, kabla mpokeaji hajageuza kichwa. Mrushaji akisubiri kumwona amegeuka, amechelewa, na beki tayari ameingiza mkono. Ningechagua njia nne tu, nizirudie kulia na kushoto, mpira ukiwekwa mstari wa kushoto kisha wa kulia, kabla ya kuongeza ya tano. Mpokeaji mkongwe ana faida hapa: hatua zake hazibadiliki, kwa hiyo pasi ikikosea, kosa linajulikana ni la nani.

Je, arudishe mipira ya mateke? Mimi nasema hapana, ingawa najua hoja ya upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 2020 Smith alirudisha teke dhidi ya Arkansas yadi 84 hadi tachidauni. Lakini kumbuka Waddle alivunjikia wapi: akirudisha teke la kwanza kabisa la mechi. Kwenye mateke watu wanakuja kwa kasi kamili kutoka mbali, na timu yenye mtu mwingine anayeweza kudaka salama imtume huyo.

Smith mwenyewe aliumia kidole mapema katika robo ya tatu ya fainali ile na hakurudi uwanjani. Alabama ilikuwa mbele 35-17 wakati wa mapumziko. Walinzi wa Ohio State hawakuwa tena na mtu wa kukabwa na wawili, ilhali Harris, Metchie na ukuta ule waliendelea na michezo waliyoifanyia mazoezi mwaka mzima, na mechi ikaisha 52-24.