Desa la Rupia

Mikindani kila mwenye uwanja ana Mjerumani wake. Wa jirani yangu alizika sanduku la rupia, pesa ya enzi zao za ukoloni, chini ya mkwaju usiku wa kukimbia. Wa nyumba ya pili alizika bunduki na kengele. Wa kwetu, kwa maneno ya marehemu babu, alitoka Boma, lile walilolijenga mwaka 1895 na ambalo siku hizi ni hoteli, akapita kwetu na mfuko begani, akarudi mikono mitupu. Babu hakusema alikuwa anakwenda wapi. Kwangu hiyo ilitosha.

Mashine yenyewe, ya kutambua vyuma vilivyozikwa ardhini, sikuinunua. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alinikopa laki tatu, siku ya kulipa ilipofika akaniletea fimbo ndefu yenye sahani nyeusi chini na kioo kidogo juu. "Shika hii, shemeji. Ukiipata rupia moja tu, utanirudishia chenji mimi." Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina, chenye picha ya Mzungu anayecheka.

Mwalimu wangu akawa jamaa mmoja tuliyesoma naye, aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya. Alinifundisha kwa simu, kwa vocha yangu. Kioo hutoa namba kuanzia 0 mpaka 99, alisema. Chuma hukaa namba za chini na mlio mnene kama wa chura. Shaba na fedha hupanda kwenye themanini huko, mlio mwembamba. Katikati ndipo kwenye fitina: karatasi ya aluminiamu, kipete cha kopo la soda na dhahabu vyote hulala mkeka mmoja. "Pete ya dhahabu na kipete cha kopo ni mapacha, ndugu yangu. Usipokubali kuchimba vipete, dhahabu utaikanyaga uende."

Yote hayo niliyaandika. Mimi ni fundi redio, nina imani na maandishi. Tatizo ni kwamba mtu mwenye mashine mkono wa kulia, jembe mkono wa kushoto na vidude masikioni hana mkono wa tatu wa kufunulia daftari. Nikachukua boksi la sabuni, nikalikata ukubwa wa kiganja, nikaandika desa langu kwa herufi ndogo kama za mtahiniwa mwenye nia mbaya. Na kwa kuwa macho ya mtafutaji huwa chini kwenye sahani, nikalifunga desa palepale juu ya sahani. Kwa waya.

Siku hiyo uwanja mzima ulilia. Mlangoni ililia, chooni ililia, kwenye banda la kuku ililia mpaka jogoo akahama. Nilichimba mashimo matatu nikatoa udongo mtupu. Nikaongeza mstari kwenye desa: "Ardhi ya hapa ina chuma kingi mno." Binti yangu wa miaka minane alikuwa amekaa kizingitini anakula embe.

"Baba, mbona inalia hata ukiinyanyua juu?"

Nikafungua waya ule, nikatia desa mfukoni. Ufukweni nako nilikwenda mara moja tu. Mchanga ulioloa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ilipiga kelele kama matanga, na wavuvi wakaacha nyavu zao kunisindikiza. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haitaki mtu afukue vya kale bila leseni. Nikasema basi, kwanza nijifunze uwanjani kwangu. Leseni nitaiomba nikishahitimu.

Jamaa wa Chunya akanipa mazoezi: zika vitu unavyovijua, kila kimoja na kina chake, andika kilipo, kisha pitisha mashine uzisikie sauti zake. Nikazika msumari mrefu. Nikazika kifuniko cha soda na ufunguo wa kufuli lililokufa. Ikabaki dhahabu. Na mimi, lazima niseme ukweli, sikuwa nataka viheller vya shaba, vile ambavyo mia moja ndiyo rupia. Nilikuwa naitaka ile ya dhahabu, ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Mtu hawezi kumtafuta tembo kama haijui sauti yake. Na dhahabu pekee ndani ya nyumba ile ilikuwa ya mke wangu, ambaye huivua pete akipara samaki na kuiweka kwenye glasi juu ya kabati.

Nikaizika usiku, kwa sababu mchana watoto wangeifukua. Ilikuwa ya kuazima tu. Kabla ya sala ya alfajiri ingekuwa imerudi kwenye glasi yake.

Nilichosahau ni kwamba mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Newala kumwangalia mjukuu, na choo chetu kiko nje.

Sasa jiweke mahali pake. Saa nane usiku. Mkweo, mwanamume mwenye akili zake mpaka juzi, amechuchumaa chini ya mwembe na tochi mdomoni. Ana kikaratasi mkononi, anakisoma kwa kunong'ona. Anahesabu hatua, anachimba kishimo, anaingiza pete ya mwanao, anafukia, anakanyaga mara tatu. Mimi sikumwona. Nilijisikia tu nimechoka, nikasema acha nijilaze kidogo.

Kulikucha. Niliamka jua limeshatoka, suruali yangu iko kwenye beseni la kufulia, mama mkwe hayupo, desa halipo.

Saa nne nikaitwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Barazani palikuwa na watu kama kumi na tano, idadi ambayo hata kwenye mkutano wa maji haijawahi kufika. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, khanga ameibana kifuani, hanitazami. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia kwa kumwambia ukuta. Balozi akavaa miwani, akaliinua lile boksi langu la sabuni kwa ncha za vidole viwili.

"Fundi, haya ni maandishi yako?"

"Yangu, mzee."

"Basi tusikilizane." Akakohoa. "'Kwanza, vua vyuma vyote mwilini.'" Minong'ono. "'Izoeshe ardhi. Pandisha, shusha, mara tano, mpaka inyamaze.'" Mtu mmoja akasema *a'udhu billahi*. "'Pita kulia, pita kushoto, polepole, usinyanyue. Ikiita, ikate msalaba. Ikiita tena palepale, chimba.'"

"Mzee, naomba nieleze..."

"Subiri. 'P. Mke: hatua saba toka mwembeni, kiganja kimoja.'" Mke wangu akakitazama kidole chake. Kisha akanitazama mimi. "'MM,'" balozi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "'MM: mlangoni, shibiri moja. Hulia kwa sauti nene. Si wa kuhangaika naye. Atakuwa ameoza.'"

Kimya. Hata mtoto aliyekuwa ananyonya aliacha.

"MM," akasema mama mkwe, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mama Mkwe."

"Msumari Mrefu!" nikapiga kelele. "Mama, wallahi, ni Msumari Mrefu! 'Ameoza' ni kutu! Nilifupisha, boksi lilikuwa dogo!"

Nani wa kuamini? Balozi, ambaye ana busara lakini pia alikuwa na hamu ya kuiona mashine, akaamua nikathibitishe. Pete ikionekana mahali desa linaposema, mimi ni fundi mwenye wazimu wa kawaida. Isipoonekana, shauri lipelekwe mbele.

Tukaandamana hadi kwangu. Hatua saba toka mwembeni. Nikazihesabu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuandika upande. Na hatua zenyewe nilizipiga gizani na kandambili iliyokatika mkanda, nikiburuza mguu, kwa hiyo saba zile huenda zilikuwa tano za mtu mzima. Watu wakaanza kunisaidia: kila mmoja anahesabu hatua zake kutoka kwenye mwembe, kuelekea upande anaouamini yeye.

Nikawasha mashine. Namba ya pete niliikumbuka: 52. Haikuchukua muda, ikaita. Hamsini na mbili! Nikachimba. Kipete cha kopo la soda. Ikaita tena. Kipete. Mwaka jana shughuli ya shemeji yangu mdogo tuliifanyia uwanjani hapo, turubai nzima, na nadhani kila mwalikwa alikunywa makopo mawili na kupanda mbegu zake. Shimo la nne lilikuwa karatasi ya vidonge. La saba, tyubu ya dawa ya meno. Kila nikipiga magoti, watu huinama pamoja nami kama wako kwenye rukuu. Kila nikitoa kipete, husimama na kuguna. Mke wangu alikuwa hasemi kitu, na mwenye ndoa anajua hiyo ni namba ngapi.

Kufika shimo la kumi na moja, jasho linanitiririka mpaka kwenye kioo, mama mkwe akainuka kwenye kigoda. Akaja taratibu akasimama mbele yangu.

"Hiyo namba unayoitafuta ni ngapi?"

"Hamsini na mbili, mama."

Akafungua khanga kidogo, akashika pindo lake lililofungwa fundo, akalining'iniza juu ya sahani.

"Hebu pitisha hapa."

Mashine ikaita. Mlio safi, wa katikati, si mnene si mwembamba. Kiooni: 52.

"Uliponipita kwenda kulala," akasema, "nilisoma Ayatul Kursiy mara tatu nikaifukua."

"Sasa mama, mashimo yote haya kumi na moja, ulikuwa unaniangalia tu?"

"Mwanangu amekuwa akikuomba umpandie migomba tangu mwaka juzi."

Balozi alicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya shimo la tisa. Tuliitafuta kwa mikono, kwa sababu fremu ilikuwa ya plastiki. Alipoipata akanirudishia desa langu mbele ya wote, kwa heshima, kama cheti.

Usiku ule nikalitoa tena, nikatafuta kalamu. Ule mstari wa MM nikaukata, na pembeni, kwa kubana sana maana boksi lilikuwa limejaa, nikaandika kwa herufi zote saba: MSUMARI.