Kabila kwenye daftari la wagonjwa wa akili: liandikwe au liachwe?

Mtu wa Newala akichanganyikiwa kwa mara ya kwanza, akaanza kusikia sauti na kuwakimbia nduguze, anaweza kuzungushwa kwa fundi wa kienyeji, kwa shehe, hata polisi, ndipo afikishwe hospitali ya Ligula, Mtwara. Akifika, aandikwe na kabila lake? Nchi hii haijahesabu watu wake kwa makabila tangu sensa ya 1967.

Anayetaka liandikwe ana hoja nzito kutoka Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwachunguza wagonjwa wa mara ya kwanza London, Nottingham na Bristol. Skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, iliwapata wenye asili ya Karibiani takribani mara 9 kuliko Wazungu wa huko, na Waafrika weusi karibu mara 6. Isingeulizwa asili, pengo hilo lisingeonekana. Wala isingejulikana kwamba mgonjwa mweusi huletwa na polisi, au hulazwa kwa lazima, mara nyingi kuliko wenzake.

Ugomvi uko kwenye sababu. Wapo waliosema madaktari wanaita ugonjwa kila wasichokielewa. Kuna ukweli humo, ila mara 9 ni pengo kubwa mno kubebeshwa madaktari peke yao. Damu, yaani urithi, nayo haitoshi: tafiti za Jamaika, Trinidad na Barbados hazikukuta kiwango kama hicho nyumbani. Na mwaka 1932 daktari wa akili Ødegaard alishaonyesha kuwa Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, waliugua skizofrenia zaidi kuliko waliobaki kwao, nao ni weupe watupu. Kinachoelekea kuwaumiza ni maisha: ugeni, kubaguliwa, upweke, kukosa kazi.

Kwa hiyo kabila, kwetu, naona ni njia ya mkato itakayotupoteza. Mmakonde wa Tandahimba mwenye mikorosho yake na Mmakonde aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, wataandikwa neno moja. Halafu daftari huvuja. Kesho kijiweni utasikia kabila fulani lina wazimu wa kuzaliwa, na mabinti zao nani atawaoa?

Ningeuliza alizaliwa wapi, alihamia lini, anaishi na nani, alianzia kwa nani, na dalili zina muda gani, maana waliokaa muda mrefu bila tiba huelekea kupona kwa shida zaidi. Mtetezi wa kabila atasema ubaguzi utajificha humo humo. Hapo nakubali nusu: iulizwe lugha ya nyumbani. Bibi anayewaza kwa Kimakonde, akahojiwa kwa Kiswahili na daktari mgeni, anaweza kuonekana amevurugikiwa kuliko alivyo.