Fisi Anadai Mia Tano

Hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, kaka mtu wa darasa la nne humsomea mdogo wake wa miaka minne kila jioni, dakika kumi. Masharti ni ya kijeshi. Mikono inawe kwanza, maana mlenda ukigusa karatasi kurasa mbili hazitengani tena. Wakae ubavu kwa ubavu. Anayekaa mbele huona herufi kichwa chini. Kidole kipite chini ya maneno, kushoto kwenda kulia. Mdogo ndiye afunue kurasa.

Kitabu ni kilekile cha fisi. Kurudia kunamchosha mkubwa, lakini ndivyo mdogo anavyonasa maneno. Mkubwa akaanza kuruka kurasa, akadakwa: “Kaka, mbona mamba hujamsoma?” Kuruka kukashindikana, akahamia kuongeza.

Siku moja mdogo akanifuata jikoni. “Mama, fisi kasema utoe mia tano ya ubuyu.” Nikacheka, nikatoa. Fisi akapata mazoea.

Jumapili akaja mama mkwe kutoka Mpwapwa, kuku mezani. Mjukuu akaombwa asome. Akashika kitabu juu chini na kutangaza: “Fisi akasema, paja ni la kaka. Bibi apewe shingo!”

Bibi akaweka tonge chini. “Mkwe, vitabu vya siku hizi ndivyo vilivyo?”

Kukariri hivyo si kosa la mtoto: ameshajua kitabu kina maneno, hajajua yamekaa wapi. Mwenye kesi alikuwa kaka mtu, aliyekwishakitupa kidole, kwa kuwa kidole kikiwa juu ya neno ni vigumu kusoma yasiyoandikwa. Nikakirudisha: neno moja, mguso mmoja. Mdogo nikampa irabu tano, kisha herufi moja kwa wakati. Kiswahili hakina hiana hapo: ukiijua m, unapata ma, me, mi, mo, mu, akazitafute ukurasani mwenyewe. Akizoea, ndipo f na s.

Jioni moja fisi akarudia deni. “Fisi akasema, mia ta…”

Mdogo akakidaka kidole. “Mi iko wapi?”

Kimya.

“Hapa kuna fi. Hapa si. Mi haipo.”

“Imefutika,” kaka akajitetea. “Mlenda huo.”

Mdogo akainama, akalinusa doa jekundu pembeni mwa ukurasa, akageuka kunitazama.

“Mama, huu ni ubuyu.”