Mwezi Wenye Ijumaa Tano

Mimi Uingereza nilikuja kubeba boksi, na boksi nabeba. Wakala akinipigia simu saa kumi jioni, saa kumi na mbili nimeshafika ghalani, natoka asubuhi watu wanaenda kazini. Lakini ukisikiliza redio za hapa Leicester, zile za watu kupiga simu kutoa dukuduku, mimi naitwa mla benefiti, yaani mtu anayeishi kwa hela za msaada wa serikali. Mla! Utadhani kila Ijumaa naletewa sinia la pilau na kachumbari pembeni.

Ukweli ni kwamba mshahara wa boksi na kodi ya nyumba haviendani, na serikali inalijua hilo siku nyingi. Ndiyo maana mwaka 2003 Gordon Brown, akiwa Waziri wa Fedha, alituletea Tax Credits: unafanya kazi, una watoto, hela haifiki, basi tunakujazia. Tukajaziwa, tukazoea. Na wenye maghala nao wakazoea, maana kama serikali inamjazia kibarua wako, umwongezee ya nini? Hao sijawahi kusikia wakipigiwa simu redioni. Ninapigiwa mimi, tena nikiwa nimelala baada ya zamu.

Basi wakubwa wakakaa wakasema mfumo umekuwa na mambo mengi, wananchi wanachanganyikiwa. Wakachukua malipo sita ya zamani, hizo Tax Credits zikiwemo, wakayatia chungu kimoja, wakakiita Universal Credit. Sheria ikapita 2012, wakaanza na watu wachache 2013, wakasema mpaka 2017 kila kitu kitakuwa tayari. Tax Credits zimekuja kuzimwa Aprili 2025. Treni ya Kigoma enzi zetu ilichelewa, lakini haikuwahi kuchelewa miaka minane.

Barua ya kuhamishwa kutoka Tax Credits kwenda Universal Credit nayo ilikuwa na maneno. Unaambiwa unahamishwa, ukisoma vizuri unagundua unatakiwa ujihamishe mwenyewe. Una miezi mitatu uombe upya mtandaoni, kama mtu asiyejulikana kabisa, au ya zamani inakatika. Ukishaomba unasubiri wiki tano. Wiki tano zote unakula nini? Usijali, watakukopesha. Ni hela yako hiyohiyo ya baadaye, wanakupa leo kwa mkopo, halafu wanakukata kidogo kidogo. Hata yule mama wa kikoba cha mtaani kwetu hakuwahi kunikopesha hela yangu mwenyewe.

Lakini kizaazaa chenyewe kilianzia nyumbani, tulipofika kwenye ukurasa wa benki. Zamani hela ya watoto ilikuwa inaingia kwa anayewalea zaidi, kwa hiyo ilikuwa inaingia kwa mama watoto, na amani ilikuwepo. Sasa wanataka maombi ya mume na mke pamoja na akaunti moja. Mke wangu alikuwa anakaanga samaki, hata hakugeuka.

"Baba watoto, umejaza akaunti ya nani?"

"Sijajaza bado, nilikuwa naangalia tu."

"Endelea kuangalia. Namba zangu nitakutajia nikimaliza samaki."

Nikasubiri samaki waive.

Sasa njoo kwenye hesabu. Mimi nalipwa kila Ijumaa. Mfumo wao unahesabu mwezi, tena mwezi wao wenyewe, unaoanzia tarehe uliyoomba. Mwezi wenye Ijumaa nne, mimi ni maskini ninayejitahidi. Mwezi wenye Ijumaa tano, ghafla nimekuwa tajiri! Kuna kiasi kidogo wanakuachia kwa sababu una watoto, baada ya hapo kila pauni moja unayopata wanapunguza peni 55. Na huo utajiri hauadhibiwi papo hapo. Makato yanakuja baada ya mwezi kuisha, yaani unanyang'anywa kitajiri wakati umesharudi kwenye Ijumaa nne zako. Nimetundika kalenda jikoni, Ijumaa za tano nimezizungushia kalamu nyekundu. Wanangu walidhani ni sikukuu.

Halafu yupo wa tatu. Wa tatu wetu alizaliwa 2018. Walikuwa wameshatunga sheria: mtoto wa tatu akizaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2017, haongezi kitu kwenye hesabu. Shuleni wanamuona, mpaka barua wanatuma kwamba kachelewa. Daktari wa meno anamuona. Kwenye Universal Credit, alikuwa hayupo. Sasa huyu asiyekuwepo ndiye anayekula mkate nusu kwa kikao kimoja.

Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza kwamba hiyo sheria inafutwa kuanzia Aprili 2026. Hapo ndipo nilipowajua watu. Nilikuwa kwa kinyozi, Mzanzibari mmoja ambaye kichwa kimoja anakinyoa saa nzima kwa sababu ya siasa. Yeye akasema hii ni haki, watoto hawakuomba kuzaliwa. Mzee wa Kihindi mwenye duka la viungo, aliyekimbia Kampala mwaka 1972 Amin alipowafukuza, akadakia kwa kile Kiswahili chake cha zamani: "Sisi tulikuja na sanduku moja, bwana, hakuna mtu alitupa kitu!" Kinyozi akamkumbusha kambi za jeshi walizopokelewa, na blanketi, na chai. Mzee akasema chai ile ilikuwa mbaya.

Kijana mmoja hajaoa, hana mtoto, akasema kodi yake inalea watoto wa wenzake. Mwingine akasema tatizo ni wageni. Kioo kizima kikamtazama, maana pale ndani hakukuwa na mwenyeji hata mmoja.

Aliyekaa kimya ni rafiki yangu Mkongo. Viza yake imeandikwa kabisa kwamba haruhusiwi kugusa fedha za umma. Kodi wanamkata, bima ya taifa wanamkata, akiongeza muda wa viza analipia na huduma ya afya juu yake. Redioni naye ni mla benefiti. Alinyolewa, akalipa, akaenda zamu.

Jirani yangu bibi wa Kiingereza nilimkuta ana yake. Julai 2024 serikali hiihii ilitangaza kuwaondolea wastaafu wengi hela ya kupashia nyumba joto, pauni 200 mpaka 300 kila msimu wa baridi. Zogo lake lilikuwa kubwa, na Juni 2025 wakarudi nyuma, wakairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Bibi yule alinisimamisha kwenye ua, akaniambia nchi imeharibika, inagawa hela hovyo kwa watu wasiostahili. Yeye yake imerudi, alhamdulillah. Nikamwitikia kwa kichwa, nikamsaidia kuingiza mapipa ya taka.

Habari zilifika Morogoro kabla mimi sijaamka. Kwenye kundi la ukoo nikakuta sauti ya shangazi, dakika nne nzima, dua zikiwa dakika tatu. Kasikia mtoto wa tatu naye sasa analipwa na Malkia. Nikamwambia Malkia alishafariki. Akasema hata hao waliobaki si haba. Halafu ikafuata kadi ya harusi ya binti yake, rangi ya dhahabu, na mchango wangu kaujaza mwenyewe kabisa: DOUBLE.

Nikaandika kwa adabu kwamba mwaka huu, shangazi, naomba niwe single. Mke wangu akaichukua simu, kwa sababu mwenye akaunti ndiye msemaji. Akafuta sentensi yote, akaweka mikono miwili ya dua na ua moja jekundu.