Mchango wa chakula cha shule usiitishwe Januari

Shule zimefunguliwa na karatasi zimeshafika nyumbani: mchango wa chakula, mwisho wiki ijayo. Wiki ikipita, mtoto ambaye kwao hawajatoa anakaa pembeni saa nne na kikombe kitupu huku wenzake wakipanga foleni ya uji. Mtoto wa miaka saba anaadhibiwa kwa deni ambalo si lake, na hilo nalipinga bila kumung'unya maneno.

Lakini kosa linaanza mapema zaidi, kwenye kalenda. Huku kwetu Mtwara Januari ndiyo mwezi mbaya kuliko yote kumdai mzazi. Fedha za korosho zimeshalipa madeni ya salfa, ile dawa ya mikorosho, ngoma za Desemba, sare na madaftari. Mahindi mapya hayaonekani mpaka Mei au Juni. Wengi wetu wa Mtwara mjini bado tuna mashamba Nanyamba, Tandahimba au Newala, kwa hiyo njaa ya shamba inatufikia mpaka Chikongola na Magomeni. Anayeitisha fedha wakati huo hatapata fedha, atapata utoro.

Tupige hesabu ya makande. Mtoto mmoja anahitaji gramu 120 za mahindi na gramu 30 za mbaazi au kunde kwa siku. Kwa siku 194 za masomo, hiyo ni kilo 23 na ushee za mahindi, yaani debe moja na robo, na mbaazi karibu kilo 6, visado viwili hivi. Kamati nyingi za shule zinasahau kwamba mahindi yakikobolewa robo yake inaweza kupotea. Kama shule inakoboa, iongeze nusu debe kwa kila mtoto, la sivyo stoo itakauka kabla mwaka haujaisha na wazazi wataanza kumtazama mpishi kwa jicho baya.

Sasa ligawe deni hilo kwa misimu. Mahindi yakusanywe Juni na Julai, mbaazi Agosti na Septemba zikivunwa. Fedha kidogo ya chumvi, mafuta, kuni na mpishi itolewe Novemba, minada ya korosho ikiwa imechanganya. Lindi wanaweza kuianza hiyo ya fedha mapema, wakati wa ufuta. Asiye na shamba anunue debe lake Julai, bei ikiwa chini.

Mahindi ya debe moja moja kutoka nyumba mia tatu hayakauki sawasawa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Basi yapimwe mlangoni. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na konzi ya mahindi, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi juani, hata kama mwenyewe amenuna. Ukiyapokea hivyo hivyo yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemsha. Yaliyokauka yaingie kwenye mifuko ya tabaka tatu, kila tabaka lifungwe peke yake ili fukusi wakose hewa. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya akitoboa mmoja, huo upikwe kwanza.

Nakubali, mwalimu mkuu naye amebanwa. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hakuna makande humo. Chakula cha shule za kutwa ni jukumu la mzazi tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, na mzazi anayejiweza akikwepa anawaumiza wenzake. Huyo afuatwe yeye, nyumbani kwake, na mwenyekiti wa mtaa.

Kwa asiyeweza kabisa, kamati inamjua. Apewe zamu ya kuchota maji, kuleta kuni au kupukuchua, na anayelea wajukuu peke yake asidaiwe chochote. Daftari la waliotoa na wasiotoa likae kwa mtunza hazina, lisibandikwe mlango wa darasa. Kinachofaa kubandikwa ni ubao wa stoo: kilo zilizoingia, zilizopikwa, zilizobaki, kila Ijumaa.

Kamati zikae Mei, kabla shule hazijafungwa, ili mzazi aondoke na jibu moja: debe ngapi, lini, anampa nani. Na kwa Januari hii ambayo imeshaharibika, watoto wote wapewe uji.