Flashi ni mchukuzi, sisi tumeifanya ghala

Kuna kauli mbili zinazofuatana kila flashi inapogoma kufunguka. Ya kwanza ni "flashi imekufa yenyewe." Ya pili ni "wakati wake umepita, weka vitu vyako kwenye wingu," yaani kwenye kompyuta za mashirika makubwa zinazofikiwa kwa intaneti. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini ya kwanza inaficha sababu, na ya pili inatoa hukumu kabla sababu haijatafutwa.

Nianze na mashtaka, maana ni mazito. Mwaka 2008 programu hasidi iliingia katika mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi, na Novemba mwaka huo wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ikapiga marufuku matumizi yake. Marufuku hayo yalilegezwa mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 kikagunduliwa kirusi cha Stuxnet, kilichoharibu mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, mahali ambapo kompyuta zilitengwa na intaneti kwa makusudi. Hakikuhitaji intaneti, kwa kuwa kiliweza kusafiri ndani ya flashi. Kisha mwaka 2014 watafiti wa usalama wa kompyuta Karsten Nohl na Jakob Lell wakaonyesha jambo baya zaidi: programu iliyomo ndani ya kidhibiti cha flashi yenyewe, yaani chipu ndogo inayoiendesha, inaweza kubadilishwa, flashi ikajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi na kuanza kuchapa amri. Kufomati hakusaidii hapo, kwa sababu kufomati hugusa mahali pa mafaili, hakukigusi kidhibiti.

Na watu wenyewe? Watafiti walizidondosha flashi 297 katika maeneo ya University of Illinois, Marekani, wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba karibu zote ziliokotwa, na asilimia 45 zilichomekwa na faili likafunguliwa. Ya kwanza ilichomekwa kabla ya dakika 6 kwisha.

Ongeza zile zinazopotea. Mwaka 2017 flashi ya uwanja wa ndege wa Heathrow iliokotwa na mpita njia mjini London, mafaili yake zaidi ya 1,000 yakiwa wazi bila hata nenosiri. Mwaka uliofuata uwanja ukatozwa faini ya pauni 120,000. Mwaka 2022 mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na jiji la Amagasaki, Japani, alipoteza flashi yenye taarifa za wakazi wapatao 460,000, wakazi wote wa jiji. Hiyo ilikuwa imefungwa kwa nenosiri, na ilipatikana baada ya siku chache, lakini jiji zima lilikuwa limeshapata hofu. Haishangazi kwamba mwaka 2018 kampuni ya kompyuta ya IBM iliwakataza wafanyakazi wake kuhifadhi data kwenye vifaa vya aina hii, IBM ileile iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wa kwanza wa flashi mwaka 2000, wakati flashi nzima ilibeba megabaiti 8 na watu wakashangaa, kwa kuwa disketi ilibeba 1.44 tu.

Sina ugomvi na makatazo ya namna hiyo. Ofisi inayotunza siri za watu laki nne ina haki ya kuziba matundu yake. Ninachokataa ni kuyachukua makatazo hayo na kuyafanya hukumu ya jumla, kana kwamba flashi ni chombo kibovu kwa asili. Ubovu tunaoulalamikia kila siku, ule wa "imekufa yenyewe", hautokani na virusi wala wezi. Unatokana na kilichomo ndani ya ganda, na hilo halizungumzwi.

Flashi hukumbuka kwa kufungia umeme. Ndani ya chipu mna mabilioni ya seli, na katika kila seli mna kijichumba kilichozungukwa na ukuta usiopitisha umeme. Kuandika ni kuzisukuma elektroni kwa volti kubwa mpaka zipenye ukuta na kuingia kijichumbani; kufuta ni kuzivuta zitoke. Ukichomoa flashi, elektroni hubaki mlemle, ndiyo maana haihitaji betri. Kumbukumbu ya namna hii ilitangazwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba mwaka 1984, na aina iitwayo NAND, iliyomo karibu katika flashi zote za leo, ikafuata mwaka 1987. Jina lake lilipendekezwa na mwenzake kazini, ambaye kule kufutwa kwa seli nyingi kwa mpigo kulimkumbusha mmweko wa taa ya kamera.

Sasa utazame ukuta. Ni tabaka la oksidi ya silikoni lenye unene wa nanomita chache, na kila elektroni zinapolazimishwa kupita huacha jeraha dogo. Majeraha yakizidi, ukuta huanza kuvuja au kunasa elektroni zisizotakiwa, na seli haisomeki tena kwa uhakika. Kamba hukatikia pembamba, na hapa ndipo pembamba pa flashi. Kusoma hakuuchoshi ukuta kwa kiasi cha kutajika. Kinachouchosha ni kuandika na kufuta.

Hapo zamani seli moja ilibeba biti 1: ama ina umeme, ama haina. Baadaye watengenezaji wakaona kwamba kiasi cha umeme kinaweza kupimwa kwa ngazi. Ngazi 4 zinabeba biti 2, ngazi 8 biti 3, ngazi 16 biti 4, zote ndani ya kijichumba kimoja. Fikiria bilauri ya maji. Kujua kama ni tupu au imejaa, hata gizani utajua kwa kuishika. Sasa igawe kwa alama 16, itoboe tundu dogo kama ncha ya sindano, iweke kabatini, kisha urudi baada ya muda mrefu useme maji yalikuwa kwenye alama ya 11 au ya 12.

Hesabu hii ndiyo inayonikera kuliko nyingine zote katika biashara ya flashi. Seli ya biti 1 hukadiriwa kuhimili kuandikwa na kufutwa mara 100,000 hivi. Ya biti 2 huhimili elfu kadhaa hadi 10,000. Ya biti 3 huhimili kama 1,000 hadi 3,000. Ya biti 4 mara nyingi hushuka hadi mia kadhaa au 1,000. Kwa hiyo kutoka biti 1 hadi 4 tumepata nafasi mara 4, na tumepoteza uhimilivu mara 100 au zaidi. Tena faida yenyewe inapungua kila hatua: kutoka biti 1 kwenda 2 nafasi iliongezeka maradufu, kutoka 2 kwenda 3 iliongezeka kwa nusu, kutoka 3 kwenda 4 kwa theluthi tu, ilhali idadi ya ngazi inayopaswa kupambanuliwa imekuwa maradufu kila mara. Mnunuzi anapewa theluthi moja ya nafasi, analipia kwa maisha ya kifaa, na haambiwi.

Watengenezaji nao wana utetezi, na si utetezi wa uongo. Wanasema vidhibiti vya leo vina hesabu za kusahihisha makosa ambazo za zamani hazikuwa nazo. Wanasema pia kwamba kujenga seli kwa kuzipandisha juu ya nyingine, ghorofa kwa ghorofa, sasa zaidi ya 200 katika chipu moja, kumewaruhusu wasizibane seli mno kwa upana. Hoja yao kubwa ni ya matumizi. Chukua flashi ya gigabaiti 64 inayohimili mizunguko 500 tu ya kuandikwa na kufutwa. Kwa hesabu nyepesi inaweza kupokea gigabaiti 32,000 kabla ya kuchoka. Anayenakili gigabaiti 5 kila siku angehitaji zaidi ya miaka 17 kuimaliza.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa yule anayenakili mafaili makubwa, anayabeba, anayashusha. Inavunjika kwa yule anayeifanya flashi kuwa dawati la kazi. Sababu ni kwamba chipu haiwezi kufuta neno moja. Ni kama ubao wa darasani ambao ufutio wake ni mkubwa sawa na ubao wenyewe: ukitaka kusahihisha herufi moja, nakili yote pembeni, futa ubao mzima, andika upya. Fungu moja linalofutwa kwa pamoja laweza kuwa na megabaiti kadhaa. Ukifungua waraka wako moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na programu ikawa inahifadhi kila baada ya dakika chache, sentensi moja uliyoongeza inaweza kuilazimisha flashi kuhamisha megabaiti nzima. Zaidi ya hapo, orodha inayoonyesha faili lipi liko wapi inaandikwa upya kila mara. Kidhibiti kizuri huzungusha kazi ili seli zote zichoke sawasawa. Kidhibiti cha bei ya chini hulifanya hilo vibaya, na seli chache zinakufa huku maelfu ya nyingine zikiwa hazijaguswa. Ndipo mtu anaposema imekufa yenyewe.

Kosa la pili ni la kabati. Picha za harusi, tasnifu, rekodi za sauti ya mzazi aliyefariki: watu huziweka kwenye flashi moja, wakaifungia kabatini kwa miaka, wakiamini kutoitumia ndiko kuitunza. Elektroni huvuja taratibu, joto likiwa kali huvuja haraka zaidi, na flashi iliyokwisha kuandikwa sana huvuja kuliko mpya. Nakala ya pekee iliyolala kabatini iko hatarini kuliko ile inayosomwa na kunakiliwa upya mara kwa mara. Hili linaniuma kwa sababu wanaopoteza hivyo ni wale waliodhani wanatunza.

Je, wingu si jibu, basi? Kwa kutunza, mara nyingi ndilo. Data ikikaa kwenye diski za mashirika makubwa, katika nakala zaidi ya moja, haitegemei ukuta mmoja wa nanomita chache. Nakubali bila kinyongo. Lakini kwa kubeba, hesabu hugeuka. Gigabaiti 32 kwa njia ya kupandisha yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8) ni takriban saa 7, mtandao usipokatika hata mara moja. Flashi inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde huzimaliza ndani ya dakika 18. Haidai akaunti, haidai malipo ya kila mwezi, hakuna mtu wa tatu wa kukufungia mlango, na hakuna kampuni inayobaki na rekodi kwamba fulani alimpa fulani faili fulani. Kompyuta iliyoharibika mfumo wake hufufuliwa kwa flashi, kwa sababu kompyuta isiyowaka haiwezi kulifikia wingu. Na ipo mitambo ya viwandani na ya hospitali ambayo haipaswi kuunganishwa na intaneti kamwe. Kitu kinachoifikia ni flashi. Stuxnet ilipita mlango huohuo, ndiyo. Lakini mlango upo kwa sababu kuna kazi halali inayopita hapo kila siku, na aliyeufunga itambidi atafute mwingine.

Kupotea nako kuna dawa iliyokuwepo muda mrefu: kuisimba flashi nzima kwa nenosiri, yaani kuyafanya yaliyomo yasisomeke bila nenosiri hilo. Programu za kufanya hivyo zimo ndani ya mifumo mingi ya kompyuta, na VeraCrypt hupatikana bure. Heathrow ilikosa kufanya hilo tu. Kuhusu virusi, tangu Microsoft ilipozima mwaka 2011 tabia ya kompyuta kuendesha programu mara flashi inapochomekwa, sehemu kubwa ya hatari imehamia kwenye udadisi wa anayeiokota. Usichomeke usichokijua, hilo halihitaji utaalamu.

Yapo malalamiko mengine nisiyotaka kuyapa nafasi. Flashi ya gigabaiti 16 kusomeka 14.9 si wizi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Wizi halisi ni flashi bandia, ambayo kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Inajitangaza ina gigabaiti 512 ilhali ina 16, na kila unachoongeza baada ya hapo kinapotea au kinafuta cha mwanzo, bila onyo. Njia ya kuigundua ni kuijaza yote kwa programu ya majaribio kama H2testw au F3, kisha kusoma kila kilichoandikwa.

Hata hivyo, flashi halali nayo inanyamaza kuhusu jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Diski za SSD, zile za kuhifadhia ndani ya kompyuta zisizo na sehemu inayozunguka, zinazotumia chipu za jamaa mmoja na za flashi, kwa kawaida huuzwa zikiwa na tamko la terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa kabla ya dhamana kwisha. Kwenye pakiti ya flashi husomi hilo. Unasoma gigabaiti, na kasi, tena mara nyingi kasi ya kusoma, ambayo ndiyo ya kupendeza. Weka mezani flashi mbili za ukubwa mmoja na bei moja, moja ya ngazi 8 na nyingine ya ngazi 16, na mnunuzi hana njia ya kujua ipi ni ipi. Hata akilipasua ganda, atakuta kipande cheusi chenye tarakimu za kiwandani ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake.