Picha za Vichochoro na Bwawa la Nairobi: Ushahidi au Kumbukumbu Tu?

Picha nyingi za Nairobi ya zamani zilipigwa na watu waliokuwa safarini. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, kamera zilielekezwa kwenye mabehewa, stesheni na wakubwa wa kikoloni. Ukizuru Makumbusho ya Reli leo, garimoshi utaliona. Usichoweza kukiona kwa urahisi ni njia ya kijijini au mfereji ambapo akina mama walipanga foleni na madebe yao. Pengo hilo sasa wenyeji wanaliziba wenyewe kwa simu, na ubishi umezuka papo hapo. Kuna wanaosema picha za kalvati, vichochoro na mabwawa yaliyochakaa ni hazina. Wengine wanaziona kama mchezo wa watu wenye bando la kuchoma, tena mchezo wenye hatari.

Chukua Bwawa la Nairobi, lililo kati ya Lang'ata na vijiji vya Kibera. Lilijengwa mwaka 1953 kwenye mto Motoine liwe akiba ya maji ya jiji. Kina chake cha wastani hakikufika mita tatu, ila lilitosha kwa mashua za tanga. Leo limesongwa na gugumaji, tope na maji taka. Na hapa ndipo picha inaweza kukudanganya mchana kweupe. Ipige kwa mbali kutoka upande wa Lang'ata, jua likiwa mgongoni, na utapata kijani kibichi kama uwanja wa mpira ulionyeshewa jana. Asiyepajua atauliza kiingilio ni pesa ngapi. Anayesimama upande wa Silanga, kijiji cha Kibera, akainamisha simu ataonyesha chupa za plastiki, mabomba membamba ya maji ya kunywa yakikatiza juu ya mtaro mweusi, na kibanda cha mabati kilichosogea mpaka ukingoni. Bwawa ni lile lile, na hakuna kati ya hao wawili aliyechezea picha.

Kwa hiyo wanaozitetea picha hizi wasiseme tu kwamba picha haisemi uongo. Hoja yao yenye uzito ni nyingine: mwenyeji anaweza kurudi. Mgeni hupiga mara moja akaenda zake, lakini anayepita njia ile kila asubuhi akienda stejini anaweza kuipiga mvua za masika na kiangazi, mwaka huu na mwaka ujao. Mfululizo huo ndio unaoonyesha mtaro ukizibika na barabara ikimezwa na ukuta wa mtu. Tunajua gharama ya kutoangalia. Mafuriko yalipoua zaidi ya watu 40 huko Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba si bwawa. Ni kalvati la chini ya tuta la reli lililoziba, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakavunja. Nani huwa anapiga picha mdomo wa kalvati? Hakuna, mpaka siku ya maafa.

Upande wa pili nao hauna hoja za kupuuza. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walianza kuchora vijiji vyao kwenye ramani ya wazi ya intaneti, mahali ambapo hapo awali palikuwa karibu patupu. Swali la wakazi katika kazi za namna hii ni moja: nani atafaidika? Si woga wa bure. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba nyingi Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Sisemi ramani au picha ndizo zilizoyaleta. Barabara ile ilikuwa kwenye mipango. Lakini ukishavunjiwa nyumba, kamera yoyote inayoelekezwa mlangoni pako unaitazama kwa jicho la shaka.

Hofu nyingine, kwamba picha zitawaelekeza wezi wa vyuma chakavu, naiona nyepesi zaidi. Ni kweli biashara hiyo imetuumiza, hata serikali ikaipiga marufuku kwa muda mwaka 2022 baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Lakini anayeiba mfuniko wa shimo la maji taka hahitaji picha yako. Anapita hapo kila siku, pengine mnasalimiana. Vali na pampu zinazofanya kazi ni suala tofauti; hizo zichapishwe bila kutaja mahali hasa zilipo.

Ambapo wapenzi wa picha hujidanganya zaidi ni kwenye sheria. Picha haipimi upana wa barabara. Jirani akinyakua mita mbili za njia ya umma, kinachoamua ni ramani ya upimaji na vigingi. Picha itasaidia kuonyesha ukuta ulisimama lini, na hata hapo, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Sasa fikiria picha iliyorushwa kama kawaida kwenye WhatsApp: taarifa za tarehe na mahali zilizokuwa ndani ya faili huwa zimeondolewa njiani. Inafika ikiwa nzuri, lakini haina kwao.

Ndiyo maana naunga mkono ukusanyaji, ila si wa kurushiana tu. Faili halisi ihifadhiwe, na kando yake yaandikwe jina la kijiji, tarehe, aliyepiga alisimama wapi na alielekea wapi. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu na watu wenyewe. Huko ndiko ningeanzia. Kazi ngumu itakuwa kuamua kuhusu nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imesamehe matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani, lakini picha ya mama anayeteka maji ikishaingia maktaba, ni vigumu kudai bado ni ya nyumbani. Mama huyo aulizwe kabla, kwa lugha anayoielewa, na akikataa, ibaki picha ya mfereji peke yake.